Taborastraat: shajara ya kupanga safari ya treni Ubelgiji

8 Februari

Mdogo wangu, mtoto wa Mama mdogo, anamaliza masomo yake Gent mwaka huu. Mama mdogo kanipigia jana usiku. Hakuuliza kama nina likizo wala kama nina akiba. "Mwezi wa tisa tunakwenda mimi na wewe, nikamwone mwanangu kabla hajarudi. Wewe panga." Ni mwalimu mstaafu wa historia, ana miaka 63, anaishi Tabora, na magoti yake hayapatani na ngazi. Mimi ni mhasibu hapa Dar, kwa hiyo nimepanga kihasibu: nimefungua jedwali la Excel nikaliita "Ubelgiji 1".

Masharti mpaka sasa: siku sita, treni tu, na pesa isivuke ile ya kwenye bahasha. Miji: Brussels, Gent, Brugge, Antwerpen, Liège, Dinant, Luik, na Luxembourg ya siku moja kwa kuwa ni jirani. Minane. Nimeenda kulala nimeridhika.

15 Februari

Leo nimekaa na ramani. Ubelgiji nzima ni kilomita za mraba 30,689. Mkoa wa Morogoro peke yake unaimeza mara mbili na chenji inabaki. Ukiichukua reli ya SGR ya Dar hadi Dodoma ukailaza juu ya Ubelgiji, inatokeza nchi ya pili.

Udogo huo ndio ulionidanganya. Brussels hadi Gent ni nusu saa na ushei, Gent hadi Brugge dakika 25 hivi, Brussels hadi Antwerpen haifiki saa nzima. Nikasema basi, asubuhi mji huu, mchana mji ule. Halafu nikaanza kuingiza kwenye jedwali yale ambayo ratiba ya treni haiyaandiki: kutoka chumbani hadi stesheni, kutafuta jukwaa, kushuka, kutafuta choo, kutoka stesheni hadi katikati ya mji (Gent na Brugge stesheni kuu ziko pembeni), kula, Mama mdogo kupumzisha magoti kwenye benchi. Ile safari ya dakika 25 ikazaa saa moja na nusu ya mambo mengine, na hayo hayapungui eti kwa sababu nchi ni ndogo.

Luxembourg imekatwa ya kwanza. Ilinitamanisha kwa sababu tangu 2020 usafiri wa umma kule ni bure nchi nzima kwa daraja la pili, mgeni na mwenyeji sawa. Ila kutoka Brussels ni zaidi ya saa tatu kwenda, na nyingine tatu kurudi, na huo ubure unaanzia mpakani. Imebaki saba.

22 Februari

Nimemwomba mdogo wangu atushikie viti mapema, madirishani, tukiangalia mbele. Kanijibu kwa sauti, anacheka: "Dada, viti gani?"

Sisi tuliozoea SGR tiketi ina jina lako, behewa lako, kiti chako, na kitambulisho unacho mkononi. Treni za ndani za Ubelgiji hazina mambo hayo. Tiketi ya kawaida ni ya siku na ya njia, si ya treni fulani. Hii ikikuacha unapanda inayofuata, unakaa palipo wazi. Na nauli inakwenda kwa umbali: ununue leo au dakika tano kabla ya kuondoka, bei ni ile ile. Unaloadhibiwa ni kununua ndani ya treni kwa kondakta, hapo unaongezewa. Pia treni ya uwanja wa ndege wa Zaventem ina ongezeko lake, wanaliita Diabolo, ndiyo maana kipande kifupi kile kinaonekana ghali. Stesheni nyingine unaingia na kutoka bila geti lolote, lakini ya uwanjani ina geti linalosoma tiketi, kwa hiyo karatasi isitupwe njiani.

Nimefuta safu nzima ya "buking". Imeniuma kidogo, nilikuwa nimeshaipaka rangi.

3 Machi

Aibu ya mwezi. Nilikuwa naandika maelezo ya kila stesheni. Jumatano: Liège, stesheni ya Guillemins, paa la kioo na chuma lisilo na ukuta wa mbele, msanifu majengo Santiago Calatrava, ilifunguliwa 2009. Ijumaa: Luik, stesheni ya Guillemins, paa la kioo, Calatrava, 2009. Nikajiambia huyu bwana kapata kazi mbili mwaka mmoja, hongera zake.

Luik ni Liège. Luik ni jina la Kiholanzi, Liège ni la Kifaransa, na Wajerumani wana lao, Lüttich. Nilikuwa nimepanga kwenda mji mmoja mara mbili katika wiki moja, na chakula cha mchana nimekikadiria kwa bei tofauti.

Nimejifariji kwamba wageni wengi wanaangukia hapo. Nchi ina lugha tatu rasmi, na reli inafuata lugha ya mahali ilipo. Ukiwa upande wa wanaosema Kiholanzi, ubao wa stesheni na sauti ya kipaza hutaja miji kwa Kiholanzi hata kama mji wenyewe ni wa wanaosema Kifaransa. Treni ya Mons utaiona imeandikwa Bergen. Tournai ni Doornik, Namur ni Namen, na hata Lille iliyoko Ufaransa wanaiita Rijsel. Treni ikivuka mpaka wa lugha, kondakta naye anabadilisha ulimi. Brussels ndiko kunakoandikwa yote mawili, na huko nako kuna la kuangalia: stesheni ya Midi na stesheni ya Zuid ni moja.

Nimetengeneza kadi ndogo, kila mji na majina yake. Mama mdogo ataivaa shingoni kama kitambulisho cha kazi. Imebaki sita.

14 Machi

Nimemtumia Mama mdogo orodha. Nilitegemea aniulize kuhusu baridi.

"Shikamoo, Mama mdogo. Umeiona?"

"Marahaba. Nimeiona. Mtaa wangu uko wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza kama anavyomweleza mwanafunzi aliyelala darasani. Katikati ya Brussels, nyuma ya jengo la zamani la soko la hisa, upo mtaa unaoitwa Rue de Tabora, kwa Kiholanzi Taborastraat. Tabora hii hii ya kwetu. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, yakiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, Wajerumani wakiwa wameuacha mji. Askari wenyewe wengi walikuwa Wakongo wa Force Publique, jeshi la koloni la Kongo, na nyuma yao wapagazi wengi mno. Tombeur baadaye akapewa ubaroni na jina likarefushwa: Tombeur de Tabora. Jiji la Brussels nalo likajipatia mtaa.

"Babu yangu alikuwa mmoja wa waliobebeshwa," akasema. "Hakuwahi kutuambia alibeba nini. Alikuwa anatuonyesha bega tu. Na mimi vita ile nimeifundisha miaka 32. Nataka nikaone walichoandika ukutani."

Nimekwenda kuutazama mtaa kwenye picha za ramani. Ni mfupi, ungeanza kumenya chungwa mwanzoni ungefika mwisho hujalimaliza. Pembeni kuna kanisa la Mtakatifu Nikolasi, kuna baa za bia, vibao, watalii. Mawe chini, kuta pande zote.

Nikampigia kumpa taarifa. Akauliza kuna miembe. Nikamwambia hakuna. "Hata mmoja?" Hata mmoja. Akanyamaza. Mtu wa Tabora kumwambia kuna Tabora isiyo na mwembe ni kama kumwambia kuna Mwanza isiyo na mawe.

Nimetazama kalenda: tarehe 19 Septemba mwaka huu ni Jumamosi, na ni miaka 110 kamili. Nimeandika Brussels kwenye Jumamosi hiyo, nikaifunga seli isibadilishwe. Mengine yote sasa yapangwe kwa kuizunguka.

29 Machi

Faili jipya, "Ubelgiji 4". Nimeacha wazo la kuhama hoteli. Nilikuwa na usiku mmoja Brussels, mmoja Antwerpen, miwili Brugge, yaani masanduku kupanda na kushuka mabehewa mara nne. Mabehewa mengi kule yana ngazi mlangoni na majukwaa mengine ni ya chini, goti linadai kila mara. Tutalala Gent siku zote, karibu na mtoto, na kwenda kokote asubuhi, kurudi jioni. Gent imekaa vizuri kwa hilo: Brugge upande mmoja, Brussels upande wa pili, na Antwerpen kuna treni ya moja kwa moja kupitia Sint-Niklaas, saa moja hivi.

Kwa mpango huo Dinant imejiondoa yenyewe. Iko kusini, mpaka upitie Namur. Nilitaka sana kuuona mji aliozaliwa Adolphe Sax mwaka 1814, aliyebuni saksafoni, maana marehemu baba alipenda bendi. Nimeifuta usiku, haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Imebaki mitano. Ukiongeza Oostende inakuwa sita tena, lakini Oostende haihesabiki, ni robo saa tu mbele ya Brugge, na Mama mdogo anasema hawezi kwenda Ulaya arudi bila kuikanyaga bahari ya huko.

18 Aprili

Viza. Sina mengi ya kusema. Ada ni euro 90, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, barua ya benki, mahali pa kulala, ratiba. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ratiba yangu ya treni nimeiweka mle ndani, kurasa mbili, ingawa hakuna aliyeiomba.

Alama za vidole hazitumwi kwa WhatsApp, kwa hiyo Mama mdogo inabidi aje Dar mwenyewe. Basi hadi Dodoma, kisha SGR. Nimempa kazi: hiyo ndiyo safari ya majaribio, aandike kila kitu.

9 Mei

Kafika, na ripoti kaleta, kwenye daftari la mraba, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. Nanukuu:

"Nimefika stesheni Dodoma saa tatu kabla. Nimekaa. Ngazi za umeme sikuzipanda, zinakimbia. Lifti ipo. Treni imeondoka kwa wakati, jambo la kushangaza. Morogoro nimetazama mlango: nilihesabu taratibu, wa mwisho kupanda alikuwa na sanduku kubwa, na nusura limshinde. Mwenye mkoba mgongoni alipita kama maji."

Hapo nimepata mambo mawili. Moja, mkoba mmoja wa mgongoni kila mtu kwa safari za mchana, basi. La pili ni gumu zaidi: zile saa tatu. Mama mdogo amekulia kwenye reli ya kati, ile ya Wajerumani iliyofika Kigoma 1914. Treni ya Kigoma ina siku zake, ikikuacha Tabora unarudi nyumbani na godoro lako kusubiri nyingine, ukijaaliwa. Nikamweleza kwamba kati ya Gent na Brugge ukiikosa moja, ndani ya nusu saa ipo nyingine. Alinitazama kwa huruma. Tumekubaliana dakika 40. Nilianzia kumi, yeye alianzia 120. Nadhani nimeshindwa.

31 Mei

Liège imekufa leo, na nimenuna mpaka chakula cha jioni.

Nilikuwa nimeitunzia Ijumaa. Ile stesheni ndiyo kitu nilichotaka mimi, si mtu mwingine. Lakini Mama mdogo kaniuliza Tervuren tunakwenda lini. Ni kitongoji nje ya Brussels, yaliko makumbusho ya Afrika ya kati. Mwaka 1897, Mfalme Leopold II alipofanya maonyesho ya koloni lake, waliletwa Wakongo 267 wakawekwa pale vijijini vya maonyesho, watu wakaja kuwatazama. Saba walifia huko, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Jumba la sasa lilifungwa miaka kadhaa kwa ukarabati, likafunguliwa tena Desemba 2018. Jumatatu hufungwa.

Nikajaribu: twende siku ile ile ya Taborastraat, si vyote viko Brussels? Nikapiga hesabu. Gent hadi Brussels, metro hadi Montgomery, kisha tramu namba 44 inayokwenda kwa kukata msitu hadi mwisho wa njia. Kwenda na kurudi, pamoja na jumba lenyewe, ni siku nzima kwa mtu wa magoti. Na Mama mdogo hataki kuyaona makaburi mbio mbio kisha akimbilie mtaa.

"Stesheni ya kioo itakuwepo mwakani," akaniambia.

Makaburi nayo yatakuwepo. Sikulisema hilo. Ijumaa: Tervuren.

21 Juni

Antwerpen, Alhamisi. Hapa nimejipoza. Antwerpen-Centraal ilimalizika 1905, kuba kubwa la mawe, ukumbi kama kanisa, na chini yake treni zimepangwa kwa ghorofa. Zamani ilikuwa stesheni ya kichwa, treni inaingia na kutoka kinyumenyume. Mwaka 2007 wakafungua handaki chini kwa chini ili treni zipite moja kwa moja. Lifti zipo. Tahadhari moja: kabla yake kuna Antwerpen-Berchem, na treni nyingine huishia kupita hapo bila kuingia Centraal. Nimeiandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: USISHUKE BERCHEM.

Mdogo wangu kataja biskuti za huko, zenye umbo la kiganja cha mkono. Zipo na za chokoleti. Hadithi yao ni ya jitu lililokuwa likikata mikono ya mabaharia wasiolipa ushuru mtoni, mpaka askari mmoja, Brabo, alipolikata lenyewe mkono na kuutupa majini. Ni ngano ya kale, haihusiani na mikono ya Wakongo iliyokatwa enzi za Leopold. Nikamsimulia Mama mdogo.

"Mikono," akasema. "Wabelgiji. Wanaila na chai."

Sikuwa na jibu la kihasibu. Kasema atanunua pakiti moja, si ya kula, ya kuwaonyesha waliokuwa wanafunzi wake.

12 Julai

Leo imebainika kwamba miezi mitano nimekuwa nikimwandikia Mama mdogo ratiba asiyoielewa, na yeye kwa adabu hakusema.

Nilimtumia: "Jumatano, Gent–Brugge, saa 10:10." Kanipigia. "Mbona tunaondoka jioni? Brugge tutaiona na tochi?" Ameisoma saa kumi na dakika kumi, kama Mswahili yeyote mwenye akili zake. Nami nilimaanisha 10:10 ya ubao wa stesheni, yaani saa nne na dakika kumi asubuhi. Nikapitia ratiba nzima: kila mahali nimeandika neno "saa" la Kiswahili nikabandika tarakimu za Kizungu. Kwa hesabu yake, chakula cha mchana tungekila saa moja jioni.

Nimeandika upya yote kwa safu mbili. Kushoto tarakimu za ubao, za saa 24, kulia maneno: saa nne na dakika kumi asubuhi, saa saba na dakika saba mchana, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Na Septemba Ubelgiji iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa yake ya mkononi tutairudisha tukishatua, si kwenye ndege. Kairudia mwenyewe kwa sauti mara mbili, kama imla.

2 Agosti

Viza zimetoka, zote mbili. Asante Mungu.

Limebaki la migomo. Reli ya Ubelgiji hugoma mara kwa mara, na siku ya mgomo hutangazwa ratiba mbadala siku moja kabla, treni chache lakini zipo. Kwa hiyo siku zinazoweza kubadilishana nimezipaka njano: Jumatano ya Brugge na Oostende, Alhamisi ya Antwerpen, Ijumaa ya Tervuren. Jumanne ni ya Gent, kwa miguu na tramu, kulala, na ile picha ya madhabahu ya wachoraji ndugu, akina van Eyck, ya mwaka 1432 katika kanisa la Mtakatifu Bavo, hiyo haihitaji treni. Jumapili tunafunga mizigo. Jumamosi haina rangi. Mgomo ukiangukia Jumamosi, mdogo wangu ana rafiki mwenye gari, tumeshaongea.

23 Agosti

"Ubelgiji 9", na nadhani ndiyo ya mwisho.

Jumamosi nimeiandika dakika kwa dakika. Kutoka Gent treni itasimama Brussels mara tatu mfululizo, Midi, Central, Nord, dakika chache tu kati ya moja na nyingine, kwenye ile njia ya chini ya jiji iliyofunguliwa 1952. Tunashuka ya pili. Kutoka Central ni mteremko, polepole hadi uwanja wa Grand-Place, benchi, kisha hatua chache hadi mtaani. Kurudi hatupandi ule mlima: pale Bourse, kwenye lile jengo la soko la hisa, kuna tramu za chini ya ardhi zinazofika Midi, na Midi tunadaka treni ya Gent. Mtaani nimeweka saa mbili nzima. Mdogo wangu kasema dada, mtaa wenyewe dakika mbili. Nimemwambia aulize mama yake.

Mizigo: Mama mdogo alitaka kubeba samli na nyama kavu. Zote hapana, forodha ya Ulaya haipokei nyama wala maziwa kutoka kwetu. Asali inaruhusiwa, hadi kilo mbili kwa mtu, kwa matumizi yake. Akafurahi, maana asali ya Tabora ndiyo aliyoanza kuifunga. Kaniambia amefunga chupa mbili kwenye sanduku kubwa, zimezungushiwa khanga.

"Moja ya mwanangu," akasema.

Na ya pili?

"Hiyo tutailamba pale pale, chini ya kibao chao."

Nimeongeza kwenye jedwali, mstari wa Jumamosi: vijiko vitatu.